Rais wa Sherehe na Mhogo wa Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni namenya mihogo, redio inaongea peke yake juu ya friji, mara msomaji wa habari akasema amefariki dunia rais mstaafu wa nchi fulani ndogo ya mbali, ambaye kabla ya wadhifa huo alikuwa mwanasayansi wa kilimo. Halafu akaingia kwenye habari za mpira. Mimi nikabaki na kisu mkononi. Ile harufu ya mhogo mbichi uliotoka kumenywa, harufu ya udongo wenye maji na utomvu, ikanipanda puani nikajikuta nalia, tena kilio cha kweli, siyo cha vitunguu. Mwanangu akachungulia mlangoni, akauliza nani kafa. Nikamwambia daktari. Daktari wa nini? Wa mihogo, nikasema, na baadaye rais. Akanitazama kwa namna ya mtu anayefikiria kumpigia simu baba yake.

Nililelewa Kibaha, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa kilimo, ambako baba yangu alikuwa dereva. Nyumba zenyewe zilipangwa mistari na kupakwa rangi moja, kiasi kwamba mtoto aliyechoka kucheza aliweza kuingia nyumba siyo, akanawa, akala, akashtuka pale tu alipoletewa mboga asiyoizoea. Nyumba ya mwisho, karibu na nyumba ya wavu ilikotunzwa miche, alikaa Daktari. Alikuwa mgeni. Kwao ni nchi ambayo kwenye ramani ya darasani kwetu ilikuwa imezibwa na kichwa cha msumari ulioishikilia ramani ukutani. Nilipomuuliza mwalimu kama kweli nchi hiyo ipo, alisema ipo, iko chini ya msumari.

Mtu aliyemfundisha Daktari Kiswahili alimwambia kwamba shikamoo ni salamu ya heshima, akasahau kumwambia inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Basi Daktari aliwaamkia watu wote, mlinzi, muuza maandazi, na sisi watoto. Ananiona nimekaa kwenye ngazi na kamasi zangu, anainama kidogo, "Shikamoo." Nami, sikuona sababu ya kumnyima mtu jibu lake, naitikia, "Marahaba." Mama alinifinya sikio mpaka likawaka moto. Baadaye Daktari alishaelewa, ila kwangu aliendelea kuniamkia kwa makusudi, akiangalia kwanza kama mama yupo.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na nyumbani maswali yalikuwa na jibu moja tu, nenda kacheze. Daktari alikuwa na jibu lingine. Alikuwa anasema, "Swali zuri. Sijui. Twende tukaangalie." Hebu fikiria, mtu mzima, msomi, ana miwani, anamwambia mtoto wa darasa la tatu kwamba hajui. Nilimpenda kwa hilo neno moja. Tuliangalia kwa nini siafu wanapita njia ileile, kwa nini kisamvu kina utomvu, na kwa nini inzi weupe wanakaa upande wa chini wa jani la mhogo na siyo juu. Hao inzi weupe ndio waliokuwa kazi yake hasa. Ni vidudu vidogo mno, ukitikisa jani vinaruka kama unga uliopulizwa, na ndivyo vinavyobeba ugonjwa wa mihogo kutoka shamba moja kwenda jingine.

Sasa bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mkulima Masaki. Nikisema Masaki watu wa Dar wananiangalia mara mbili, kwa hiyo niseme mapema: ni Masaki ya Kisarawe, ya mikorosho na mkaa, siyo ile ya mageti makubwa na mbwa wanaokula nyama. Likizo moja baba alikuwa anampeleka Daktari huko kukagua mashamba, nikapakiwa nyuma nikamsalimie bibi. Bibi aliposikia gari limeleta daktari, alivuta mkeka, akakaa, akapandisha khanga, akatoa goti.

"Linaniuma tangu masika," alisema. "Likipoa linalia kama mlango."

Daktari akachuchumaa, akalitazama lile goti kwa heshima zote. "Bibi, mimi ni daktari wa mihogo."

Bibi akashusha khanga. Hakuona aibu hata kidogo. "Basi vizuri," alisema, "maana na mihogo nayo inaumwa."

Na ilikuwa inaumwa kweli. Shamba lake kwa juu lilikuwa zuri, mtu akipita barabarani asingesema lolote, majani tu yana madoa ya njano hapa na pale. Daktari akang'oa shina moja, akakata mhogo katikati. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, kama kutu ya bati. Akakata wa pili, hivyohivyo. Bibi alikuwa anajua. Msimu wa tatu huo alikuwa anatupa nusu ya mavuno na kulaumu udongo, na akichoka kulaumu udongo analaumu jicho la jirani yake, Mama Zena, aliyekuwa na shamba ng'ambo ya njia.

Daktari alimwambia ang'oe shamba lote, achome.

Ngoja nieleze mhogo ule ulikuwa nini. Ulikuwa na jina, Msitiri. Mama yake bibi aliuleta kutoka Mzenga alipoolewa, vijiti vimefungwa kwenye khanga pamoja na nguo zake. Waliuita Msitiri kwa sababu mwaka wa njaa uliwasitiri, hakuna jirani aliyejua kwamba ndani ya nyumba ile hakukuwa na kitu kingine. Bibi alikuwa anautaja kama mtu. Alisema Msitiri kachelewa mwaka huu, Msitiri hapendi maji yakisimama. Nilipokuwa mdogo zaidi niliwahi kuuliza Msitiri ni mjomba wa upande gani.

"Nikimchoma Msitiri nabaki na nani?" bibi aliuliza.

"Nipe vijiti vichache," Daktari alisema. "Nitausafisha kule Kibaha. Nitakurudishia Msitiri huyuhuyu, mzima."

Bibi alimgeukia baba. Baba, ambaye alikuwa anamwogopa mama mkwe wake kuliko trafiki, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, huyu hana uongo."

Wakang'oa. Ile siku moshi ulikuwa mzito, unachoma macho, una harufu ya sukari iliyoungua. Mama Zena alisimama njiani, mikono kiunoni, akaangalia mpaka mwisho. Alisema, "Mwenzetu kajiroga mwenyewe." Bibi alisikia, sote tulisikia, lakini aliendelea kutupia mashina kwenye moto.

Mimi kichwani nilikuwa na jambo moja tu, hilo la kusafisha. Nilijua kitu kinasafishwa kwa sabuni. Na nyumbani tulikuwa na sabuni ya mche, ile ya kufulia, ndefu, unakata kipande kwa kisu. Mwaka ule wote nilikuwa naamini inaitwa hivyo kwa sababu ndiyo inayooshea miche. Sasa ningeshindwaje kuona kwamba Daktari anaihitaji? Nikaichukua nzima, nikampelekea maabara. Aliipokea kwa mikono miwili. Nilipomweleza ilivyo, alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaniuliza kwa nini kweli inaitwa sabuni ya mche. Nikasema sijui. Akasema swali zuri. Mama aliitafuta ile sabuni siku nzima.

Kusafisha kwenyewe nilionyeshwa. Alikata ncha ya chipukizi, kipande kidogo kama kichwa cha pini, kwa sababu pale nchani ugonjwa huwa haujafika bado, kisha akakiweka kwenye kichupa chenye chakula kama jeli. Vichupa vilipangwa chini ya taa. Nilikuwa naenda kuchungulia kila nikitoka shule. Muda mrefu hakuna kitu, halafu siku moja kijani kidogo, halafu jani. Kila kichupa kilikuwa na karatasi, na kwenye karatasi Daktari aliandika Msitiri, kwa herufi zake za kulala. Moyo wangu ulijaa kwa namna nisiyoweza kuieleza, nilihisi nimeona bibi mwenyewe akizaliwa upya.

Kabla miche haijatoka kwenye vichupa, Daktari akaitwa kwao.

Baba alirudi kutoka kazini mchana ule akiwa na uso wa mtu aliyebeba mayai. "Daktari anaondoka," alimwambia mama. "Kwao wamemfanya rais."

Mama akaacha kupepeta mchele. "Rais wa nini?"

"Wa nchi. Lakini ni rais wa sherehe tu."

Nikarukia pale. Rais wa sherehe ndiye nani? Baba akajaribu kunieleza. Kwao anayetawala ni waziri mkuu. Rais anachaguliwa mtu wa heshima asiye na chama, kazi yake anapokea wageni, anakata utepe, anakagua gwaride, anapanda miti. Hatoi amri. Nikauliza, kama hatoi amri anafanya nini mikutano ikianza? Baba akasema anafungua. Na kati? Anakaa. Na mwisho? Anafunga. Nikaona sasa nimeelewa vizuri kabisa. Daktari amekuwa MC. Nilimwona kichwani kabisa, suti inayong'aa, kipaza sauti, anawaambia wa kwao waje kutunza maharusi kwa mstari huku wakicheza. Nilisikitika kidogo, maana alikuwa hawezi kucheza.

Ndivyo nilivyompelekea bibi habari. Bibi alitafakari, akakataa. Akaniambia MC huwa analipwa na anaongea sana, na Daktari haongei sana. "Huyo wamemfanya mgeni rasmi," alisema. "Mgeni rasmi wa nchi nzima. Wa kudumu."

Mpaka leo sijasikia maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mpaka chuo. Mgeni rasmi kwetu sote tunamjua. Hakuna uzinduzi wa choo cha shule usio na mgeni rasmi. Anakaa katikati, anasomewa risala, risala inaisha na tunaomba, na yeye anasimama anasema nimelichukua. Anachukua kila kitu. Kisima kachukua, madawati kachukua, anaondoka navyo kwenye gari na havirudi. Bibi alijua hilo pia. Ila alisema mgeni rasmi ana sifa moja, hata kama hana kitu, ni lazima akusikilize, maana ndicho kilichomleta.

Tukasubiri. Miche ya Msitiri ilitoka kwenye vichupa ikahamia vyunguni, kwenye nyumba ya wavu, mizima, ya kijani. Baba aliuliza kwa mkuu wa kituo lini itakwenda Masaki. Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema mbegu haitoki kituoni kwenda kwa mkulima bila kibali, na aliyekuwa anakifuatilia hicho kibali ndiye huyo sasa yuko kwao anakata utepe. Ikabaki pale, inamwagiliwa, inatazamwa. Mimi nilikuwa napita kila siku nauona mhogo wa bibi yangu nyuma ya wavu.

Huko Masaki shamba la bibi likaota nyasi. Bwana shamba alimletea mbegu nyingine, nzuri tu, bibi akamshukuru akasema hana ugomvi nayo, lakini siyo Msitiri. Akapanda mbaazi pembeni. Yule mwanamke aliyekuwa hamruhusu mgeni aondoke bila mhogo kwenye kikapu, akawa ananunua unga dukani kama mpangaji. Watu hawakumcheka usoni. Walikuwa wanamletea mihogo. Mama Zena mwenyewe alikuwa anamletea, anaiweka mlangoni, anasema, "Pole, dada, ndiyo wageni hao." Bibi aliipika akala. Nilimwona akila, na sijawahi kuona mtu anatafuna chakula kwa uchungu namna ile.

Kisha zikaja habari kwamba Rais wa ile nchi ya chini ya msumari anakuja Tanzania, na katika ziara yake ameomba afike Kibaha, kituoni alikofanya kazi. Tulipaka chokaa mawe. Tulikatwa nywele. Baba aliagizwa amfuate bibi kama mmoja wa wakulima walioshirikiana na kituo, na bibi akaja na khanga mpya, akakaa mstari wa pili, mimi pembeni yake.

Daktari alishuka kwenye gari la tatu. Amenenepa kidogo, suti nyeusi, na nyuma yake wanaume wenye waya masikioni. Alikuwa hagusi kitu. Mlango anafunguliwa, kiti anavutiwa, miavuli juu yake na jua lenyewe halijatoka. Risala ikasomwa, ikasifu, ikaomba gari na maji. Kabla hajasimama yeye, akasimama bibi. Haikuwa kwenye ratiba. Baba, kule kwenye magari, alishika kichwa.

"Daktari," bibi alisema, "Msitiri wangu yuko wapi?"

Mtu mmoja wa itifaki alianza kumfuata bibi taratibu. Daktari akanyanyua mkono, yule mtu akasimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," bibi akajibu, mbele ya mkoa mzima.

Daktari akamwangalia mkuu wa kituo, mkuu wa kituo akasema Msitiri yupo, ni mzima kabisa, ila kibali. Nikasubiri Daktari aseme toa. Rais amesimama, si aseme tu? Akasema, "Bibi, siku hizi sina amri hata ya kufungua mlango wa gari. Hapa si kwangu, na hata kwangu sina amri. Siwezi kumwagiza mtu." Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Bibi hakucheka.

Wakampeleka kwenye shimo la mti wa kumbukumbu. Mche wa mwashoki, ule mti mrefu wa mapambo, ulikuwa tayari, na kibao chenye jina lake tayari. Akauangalia, akauliza kwa upole kama mgeni anaweza kuchagua mti. Mkuu wa kituo akasema bila shaka, Mheshimiwa, mti wowote. "Basi naomba mmoja wa pale," akasema, akaonyesha nyumba ya wavu.

Kupanda mti wa rais hakuhitaji kibali, na kumkatalia rais mti mbele ya kamera hakuna aliyewahi kufundishwa. Chungu kikaletwa. Daktari akapiga magoti kwenye suti yake, akapanda Msitiri kwa mikono, akageuza jani moja na kulitazama upande wa chini, mazoea, akamwagilia. Alipopita mbele yetu alimwambia bibi neno moja tu. "Mwakani."

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia siku ile kwa hasira ya mtoto, kwa sababu nililijua hilo neno, lilikuwa ndugu wa lile nimelichukua la wageni rasmi. Bibi aliomba mbegu, yeye kaipanda ndani ya uzio wa chuma na kibao. Nyumbani nilimuuliza baba kwa nini mtu aliyekuwa anasema sijui sasa anadanganya kama wote. Baba akaniambia nenda kacheze.

Mwaka ukazunguka. Mhogo wa rais ulitunzwa kuliko bustani ya mkuu wa mkoa. Ulinenepa, ukarefuka, ukapita uzio, ukaanza kulalia kibao kiasi kwamba jina la Rais halisomeki. Upepo ulipovuma ulikuwa unayumba, mlinzi anaufunga kamba. Na mhogo si mwembe. Ukiachwa unakuwa gogo, unaoza mizizi, unaanguka. Ukitaka uendelee kuwepo ni lazima uukate na kuupanda upya. Mkuu wa kituo, ambaye ni mtaalamu, alikuwa anajua hilo tangu siku ile ya kwanza. Na Daktari alikuwa anajua kwamba anajua.

Asubuhi moja mkuu wa kituo alimwita baba, akaongea naye akiangalia dirishani. Alisema Jumamosi mti wa kumbukumbu utakatwa ili upandwe upya, ni suala la kuuenzi. Kijiti kimoja kinatosha. Mashina yatakayobaki ni taka za bustani, na taka za bustani hazina utaratibu. Kama dereva ana mahali pa kuzitupa, azitupe.

Hapo ndipo nilipoelewa, baba akinisimulia, mimi nimesimama kwenye vumbi na yunifomu yangu, na nilifurahi mpaka nikaona aibu. Aliyenyimwa amri zote aliachiwa moja, ya kuchagua mti. Akachagua ule ambao kuutunza ni kuukata.

Tulizipeleka taka Masaki kwa njia ya vumbi, bibi akizipokea mwenyewe mlangoni, shina moja moja, akiligeuza na kulinusa. Hakulia. Alikaa kwenye mkeka, akaanza kukata vijiti kwa panga; baba akataka kumsaidia, akamkatalia. Mama Zena akatokea ng'ambo ya njia, polepole, bila mikono kiunoni. Shamba lake lilikuwa limeanza kuoza ndani, kila mtu alikuwa anajua. Alisimama pale akaangalia vijiti, hakuomba.

Bibi alichukua vijiti vya kwanza, kabla hajaweka hata kimoja pembeni kwa ajili yake, akamnyooshea.

"Chukua," alisema. "Ung'oe kwanza ile yako, uchome yote. Na hii nayo ukiiona ina madoa, ung'oe. Usiniangalie usoni kwa kuwa nimekupa."

Mama Zena akavipokea. "Nani kasema? Wale wageni?"

"Mimi," bibi alisema, akaendelea kukata.